Atta na unga mweupe: maji kwanza, lawama baadaye

Malalamiko kuhusu unga wa atta, ule wa ngano nzima, hayabadiliki. Mkate umekuwa mzito, chapati zimekakamaa kabla chai haijapoa, keki inakwaruza koo. Ukimuuliza anayelalamika alifanyaje, utasikia kwamba alichukua vipimo vyake vya siku zote vya unga mweupe, akabadilisha unga, mengine akayaacha vilevile. Basi hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Atta inataka maji zaidi, inataka kupumzishwa, na haitaki kuachwa iumuke mpaka ukomo. Anayeyashika hayo matatu hana haja ya mashine ya kukandia wala oveni ya bei kubwa.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Kubwa ni moyo mweupe wa wanga, kama asilimia 83 ya uzito wa punje. Nje kuna ganda, yaani pumba, asilimia 14 hivi. Halafu kuna kiini kidogo, kile kinachoota ukiipanda, asilimia 2 au 3 tu. Unga mweupe ni ule moyo peke yake, na atta ya kweli ni punje nzima. Sisi tuliokulia dona na sembe hatuhitaji maelezo marefu hapa. Tofauti ni kwamba ugali hauumuki, mkate unaumuka, na pumba ndiyo inayoleta shida kwenye kuumuka.

Unga wa ngano ukipata maji, protini zake hushikana zikawa utando unaovutika, gluteni. Utando huo ndio unaofungia hewa inayotolewa na hamira. Vipande vya pumba vina kingo kali, vinaukata utando huo huku wewe ukikanda, na kiini nacho kina kemikali inayoulegeza. Ndiyo maana atta inaweza kuwa na protini gramu 13 kwa kila gramu 100, unga mweupe wa kawaida ukawa na 10 au 11, na bado mkate wa unga mweupe ukapanda juu zaidi: protini iliyomo kwenye pumba na kiini haijengi gluteni. Usichague unga kwa kuangalia namba ya protini kwenye pakiti ukadhani umemaliza.

Sasa maji. Kwa nusu kilo ya unga mweupe wa mkate, mililita 300 hadi 325 zinatosha. Nusu kilo ya atta ya mkate inakunywa mililita 360 hadi 400, na ile atta laini ya Kihindi iliyosagwa kwa mawe huenda ikaomba zaidi, kwa sababu mawe huvunjavunja chembe za wanga na wanga uliovunjika hufyonza maji mengi. Tabu ni kwamba pumba hunywa polepole. Ukichanganya tu, donge linakuwa kama uji mzito, linang'ang'ania vidole, na mkono wenyewe unakimbilia unga mkavu wa kuongeza. Usiongeze. Funika bakuli kwa kitambaa kibichi, nenda kafanye jambo jingine kwa dakika 30. Ukirudi utakuta donge lile lile limejikusanya, halinati tena ovyo, na linavutika bila kukatika hapo hapo. Ukiwa uliongeza unga dakika ya kwanza, pumba itaendelea kunywa ndani kwa ndani na mkate utatoka mkavu, unamomonyoka kisu kikipita. Mikate mingi inayoitwa "mizito" niliyoionja ilikuwa na kiu tu.

Kupumzisha kuna faida ya pili. Pumba iliyolowa inakuwa laini, kwa hiyo ukianza kukanda haikati gluteni kama ile kavu.

Ukiweza, pima kwa mizani. Kikombe cha unga mweupe kina gramu 120 hadi 125 ukijaza kwa kijiko na kusawazisha kwa kisu. Ukichota kwa kikombe chenyewe na kushindilia unaweza kufika 150. Kwa atta tofauti hiyo ya gramu 25 kwa kila kikombe ndiyo inayotenganisha chapati laini na kigae.

Kununua unga Tanga

Madukani Ngamiani atta ya pakiti haina shida kupatikana, na hiyo ndiyo ningemshauri anayeanza, kwa sababu usagaji wake ni ule ule kila mara na maji yake ukishayajua umeyajua. Soma viambato. Kama kilichotajwa kwanza ni unga wa ngano na pumba imetajwa mwishoni, umeuziwa unga mweupe uliorudishiwa pumba kidogo. Si vibaya kuuokea, ila vipimo vya maji nilivyotoa utavipunguza. Rangi isikudanganye pia kwenye mkate wa dukani: sukari iliyounguzwa inaweza kuupaka unga mweupe ukahawia wowote uutakao. Angalia kipande kwenye mwanga. Kama huoni vitone vya pumba, vingine vyekundu, vingine vya rangi ya mchanga, huo ni mweupe uliovaa kanzu.

Njia nyingine ni kununua ngano, kuipepeta, kuitoa mawe na kuipeleka mashine ya kusaga. Unga wake ni mzuri mno kwa harufu, lakini angalia mambo matatu. Mashine iliyotoka kusaga mahindi ina mabaki ndani, kwa hiyo kilo ya kwanza iingie kwenye mfuko wake peke yake, uifanyie uji. Mwombe msagaji aweke chekeche la matundu madogo kabisa, la sivyo utapata chembe za pumba zinazosikika kwenye meno. Na unga ukitoka ni wa moto. Usiufunge kwenye ndoo hapo hapo, maana mvuke utagandia kwenye mfuniko na unga utafanya mabonge na kuvunda. Utandaze kwenye sinia mpaka upoe kabisa.

Kuhifadhi ndiko wengi wanakopuuza. Unga mweupe hukaa miezi kwa sababu hauna mafuta ya maana. Atta ina kiini, kiini kina mafuta, na mafuta kwenye joto letu huchacha. Kwa hali ya hewa ya hapa, hasa miezi ya kaskazi, nisingekaa na atta ya wazi kabatini zaidi ya mwezi. Ndani ya friji inafika miezi mitatu, kwenye friza hata sita, mradi imefungwa isipate unyevu wala harufu ya samaki. Kabla ya kutumia, weka chembe ulimini. Atta nzima ina utamu kidogo nyuma yake. Iliyochacha inaacha uchungu unaokaa, na hakuna iliki itakayouficha. Kuhusu wale wadudu wadogo wekundu: ukishanunua unga, uweke friza siku nne kabla ya kuupeleka kabatini, mayai yao yatakufa. Kuuchekecha unga ulioshaingiwa na wadudu ni kujifurahisha tu.

Na usichekeche atta kisha ukatupa kinachobaki juu. Umelipia ngano nzima, unamlisha kuku nusu ya sababu.

Mkate wa nusu kwa nusu

Huu ndio mkate ningemwanzishia mtu: atta gramu 250, unga mweupe gramu 250, maji mililita 350, hamira ya chenga gramu 7 (vijiko viwili vya chai na robo), chumvi gramu 9 (kijiko kimoja na nusu cha chai), sukari vijiko viwili vya chakula, mafuta vijiko viwili vya chakula. Kwenye hayo maji, mililita 50 ziwe za juisi ya chungwa. Pumba ya ngano nyekundu ina ukakasi kidogo, na chungwa huuzima bila mkate kuwa na ladha ya chungwa. Msimu wa machungwa ya Muheza hiyo ni gharama ya chungwa moja.

Changanya atta peke yake na maji na juisi yote, funika, dakika 30. Kisha tia unga mweupe, hamira, sukari, chumvi, na mafuta mwishoni. Kanda dakika 10 mezani, ukipaka viganja mafuta badala ya kunyunyiza unga. Kipimo cha kwamba umekanda vya kutosha: kata kipande kama limau, kivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Unga mweupe ungefika kuwa mwembamba hadi mwanga upite. Huu hautafika huko. Ukiweza kuunyoosha ukaona vitone vya pumba vimetawanyika kwenye utando laini kabla haujapasuka, acha. Ukiendelea kukanda kwa kutafuta ule wembamba wa unga mweupe, pumba itazidi kukata na donge litaanza kulegea na kutoa maji.

Kuhusu joto, vitabu vingi vya upishi huandikwa nchi za baridi, vinakuambia "acha iumuke saa moja na nusu hadi mbili mahali penye joto." Tanga ni mahali penye joto. Atta nayo huumuka haraka kuliko unga mweupe, kwa sababu kiini na pumba vina chakula na vimeng'enya vinavyoichangamsha hamira. Vikikutana hivyo viwili, donge linalokusudiwa saa mbili linaweza kumaliza kwa dakika 45, na lililopitiliza linanuka kama pombe, linapanda kisha linaporomoka kwenye oveni.

Dawa yake ni maji ya baridi. Donge likitoka kukandwa likiwa na nyuzi 26 hivi, kazi inakwenda vizuri. Hesabu yake ni hii: zidisha 26 mara 3, upate 78. Toa joto la chumba, toa joto la unga, toa 3 kwa ajili ya msuguano wa mikono. Chumba kikiwa nyuzi 31 na unga 31, inabaki 13. Hayo ndiyo maji unayotaka, maji ya friji yaliyochanganywa na kidogo ya bombani. Asiye na kipimajoto atumie maji ambayo akitia kidole yanamshtua kidogo. Wakati wa kusi, kukiwa na ubaridi wa asubuhi, maji ya mtungini yanatosha kama yalivyo. Atta iliyokuwa friji imeshakusaidia, kwa hiyo punguza ubaridi wa maji.

Acha liumuke mpaka liongezeke kwa nusu yake na zaidi kidogo. Usisubiri lijirudie mara mbili. Chomeka kidole kilichopakwa unga: shimo likirudi polepole na kubaki na alama, liko tayari. Likirudi upesi, bado. Lisiporudi kabisa, umechelewa, likande tena kidogo na ulipange upya, mkate utakuwa mdogo lakini utalika. Tandaza, kunja kwa kubana, weka kwenye chombo cha mkate cha sentimita 23 kwa 13 kilichopakwa mafuta. Kuumuka kwa pili huchukua dakika 30 hadi 40, hadi kilele kipite ukingo wa chombo kwa sentimita moja na nusu. Basi. Anayengoja sentimita tatu kama za mkate mweupe ndiye anayepata mkate wenye shimo chini ya ngozi ya juu.

Oveni iwe imeshapata moto nyuzi 190, dakika 35 hadi 40. Ukishaona rangi inakolea mapema, dakika ya 20 hivi, funika kwa karatasi ya foili. Mkate wenye atta hudanganya kwa rangi, kwa sababu ulikuwa wa kahawia tangu mbichi. Kipimo cha kuaminika ni kipimajoto katikati, nyuzi 93 hadi 96, au kugonga tumbo lake ukasikia mlio wa kitu kitupu. Kisha uache upoe kwenye waya, saa nzima, si chini ya hapo. Ukikata wa moto utaona ute katikati na utadhani haujaiva, kumbe wanga ulikuwa bado haujatulia.

Kwa jiko la mkaa, tumia sufuria nene yenye mchanga mkavu sentimita mbili au tatu chini, ipashwe moto dakika 15 ikiwa imefunikwa. Weka chombo cha mkate juu ya kigae au kiwaya, kisiguse mchanga. Ukipalia, theluthi mbili za makaa ziwe juu ya mfuniko na theluthi moja chini. Wanaoweka sawa kwa sawa ndio wanaopata mkate ulioungua kitako. Usifunue dakika 25 za mwanzo.

Chapati, mahamri na keki

Chapati ni kazi ambayo atta inaifanya vizuri ikiwa peke yake. Gramu 500 za atta, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, maji ya moto wa kuvumilika kidole mililita 330, na akiba ya 20 pembeni. Kwa maji ya moto chapati inakaa laini hadi jioni. Kanda dakika 8, pumzisha dakika 40 chini ya kitambaa kibichi, gawa madonge kumi. Tawa liwe na moto mkali wa kutosha, kila upande usizidi dakika moja kabla ya kugeuza. Chapati ikikaa kwenye tawa la moto mdogo inakauka kabla ya kuiva, na hicho ndicho chanzo cha zile zinazovunjika kama biskuti. Zitoke tawani ziingie moja kwa moja kwenye hotpoti lenye kitambaa, zijipe mvuke wenyewe kwa wenyewe. Kama unataka tabaka, zile za kukunja na kusokota, atta tupu haikupi. Weka atta gramu 300 na unga mweupe 200.

Kwa mahamri, kwa kawaida nisingevuka gramu 150 za atta kwenye nusu kilo. Tui zito mililita 280 badala ya 260, sukari gramu 100, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki kama unavyoipenda. Hamri inafura kwa mvuke unaojikusanya ndani, na chembe kubwa za pumba hutoboa ngozi, mvuke ukapita. Anayebisha atataja puri, ambazo ni za atta tupu na zinafura kama puto, na ana haki: tatizo liko kwenye ukubwa wa chembe. Kwa hiyo atta laini ya pakiti inaweza kufika gramu 200, ile ya kusagisha mashineni ibaki 100. Mafuta yawe nyuzi 175 hadi 180. Yakipoa, mahamri yatayanywa.

Keki inapokea theluthi hadi nusu ya unga ikiwa atta. Loweka hiyo atta kwanza kwenye maziwa au mtindi wa keki yenyewe, nusu saa, halafu ndipo uendelee na siagi, sukari, mayai, na unga mweupe uliochanganywa na beking pauda. Ongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa kwa kila gramu 125 za atta. Keki za ndizi, za karoti na za tende zinaipokea vizuri kuliko keki ya vanila, ambayo binafsi ningeiacha na unga wake mweupe. Visheti vivyo hivyo.

Neno la afya, kwa kifupi. Gramu 100 za atta zina nyuzinyuzi kama gramu 10.7, mweupe 2.7. Tofauti hiyo ni kubwa, na tumbo linaijua. Nishati haina tofauti ya kutisha, takribani kilokalori 340 kwa 364, kwa hiyo chapati tatu za atta si chapati moja. Kwa mwenye kisukari, mkate wa atta iliyosagwa laini hupandisha sukari karibu sawa na mweupe, hivyo apime kiasi kama kawaida na afuate aliyoambiwa kliniki. Na usidharau sana mweupe wa pakiti: tangu kanuni za 2011, unga wa ngano wa viwandani Tanzania hutakiwa kuongezwa madini ya chuma, zinki, folik asidi na vitamini B12. Ngano uliyoipeleka mashine mwenyewe haina nyongeza hiyo.

Mkate wa nusu kwa nusu kwa unyevu wetu huanza kuota ukungu siku ya tatu, wakati wa masika hata ya pili. Usiuweke friji, utakauka. Ukate vipande ukishapoa, utie friza kwenye mfuko uliotolewa hewa, na kila asubuhi toa unavyohitaji, uvipashe tawani bila mafuta, dakika moja kila upande.